Kuni za Kilo Arobaini

Ukuni mbichi huota moto wake. Mmeisikia leo kwa mara ya kwanza, nanyi mwataka kujua nani aliisema. Basi kaeni niwasimulie, maana methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa raha.

Kijiji cha Lusavilo, huko nyanda za juu, kina baridi ya kukata masikio. Mwezi wa sita nyasi huamka nyeupe. Wanakijiji walijenga zahanati, na nyuma yake wakaweka tanuru la kuni. Tanuru lilipasha maji, nayo yakapita kwenye mabomba hadi chumba cha wazazi. Msimamizi wake alikuwa Osia Luvanda, mtu wa utaratibu mpaka kero. Yeye ndiye aliyeamuru kila kaya ilete kuni kilo arobaini, zipimwe kwa mizani mbele ya watu, asitokee mjanja. Watu wakaleta. Banda likajaa hadi kwenye kenchi, na Osia akatembea kifua mbele.

Wiki ile ile, alasiri ya ukungu, binti yake Aneth alijifungua mimba ya miezi saba. Kitoto chenyewe kilienea kwenye viganja viwili. Nesi alikifunga kifuani kwa mama yake, akatoka mbio.

"Mzee Luvanda, chumba kipate joto! Mtoto anapoa!"

Osia akajaza tanuru. Kuni zikatoa povu miishoni, zikafuka, moshi ukamjaa machoni. Akashika bomba: vuguvugu. Akaongeza kuni, moto ukazidi kunywea. Akapuliza mpaka kichwa kikamzunguka. Banda zima la kuni, na mjukuu wake anakufa kwa baridi!

Jirani yake, Mama Yeriwa, aliyemletea mzazi uji, alichungulia tanuruni akaguna.

"Baba Aneth, hizo mbichi."

"Kijiji kizima kilete mbichi?"

"Si ulitaka kilo? Mbichi ndizo nzito. Vipande vitatu tu, mizani imeridhika. Kavu tumeziweka darini, juu ya meko yetu."

Osia alitaka kufoka, ila macho yake yakatua kwenye gogo lililokuwa likifuka mbele yake. Lilikuwa la mti wa mwati wa shambani kwake, aliouangusha asubuhi ya kupima. Siku ile ndiye aliyepigiwa makofi kuliko wote.

"Sasa moto wote huu unakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unakausha kuni kwanza. Ukuni mbichi huota moto wake, baba. Mtoto atabakiziwa nini?"

"Nimekosa, mama. Nisaidie."

Mama Yeriwa akapiga ukunga kuita wenzake. Wanawake wakatoka majumbani na mafungu meusi kwa masizi, mepesi vichwani mwao. Hakuna aliyekumbuka kupima. Moto ukashika, ukanguruma, na muda si muda bomba likawa halishikiki. Ndani, kitoto kikalia kwa hasira, na Osia akakaa chini kwenye majivu akalia naye.

Tangu hapo, mtu akitoa kitu ili tu aonekane ametoa, watu wa Lusavilo hawagombani naye. Humtazama tu, wakamwambia: ukuni mbichi huota moto wake.