Keki Zilizofunguliwa Mapema

Wapendwa, leo naanzia jikoni. Akina baba msisinzie, na nyinyi mnakula.

Kulikuwa na mama mmoja aliyejua kuoka keki. Si za kuuza, za nyumbani tu. Alizipenda zile ndogondogo za ndani ya vikaratasi, zinazoumuka mpaka zinatoa kichwa juu. Ukionja zake mbili, za dukani huzitaki tena.

Mama huyu alikuwa na binti mmoja. Binti aliolewa, akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto yule hakufikisha siku arobaini. Baada ya maziko, binti akaletwa kwa mama yake apumzike, na mumewe, kijana mwema, akawa anakuja kila mwisho wa wiki kumwona.

Binti alikaa. Chakula anakionjaonja tu, maneno hana. Mwanzoni mama alilia naye. Lakini miezi ikaenda, na mama akachoka. Mnanitazama vibaya, lakini niambieni ukweli: hatuchoki na machozi ya watu? Wiki ya kwanza tunajaa uani na masufuria. Mwezi wa pili tunapunguza sauti tukipita. Baada ya hapo tunaanza kuulizana, "Hivi yule bado tu?" Na wanajumuiya walimuuliza mama huyu hivyohivyo, mlangoni mwa kanisa, mchana kweupe. Akaona aibu, kana kwamba binti yake amefanya kosa.

Akaamua kufanya shughuli siku ya Jumamosi. Akaalika akina mama wa jumuiya, akaalika na kwaya, maana binti aliwahi kuimba sauti ya kwanza. Alisema, "Tumchangamshe. Akiona watu atarudi kuwa yeye."

Ili Jumamosi mikono yake iwe huru kwa pilau, keki alizioka katikati ya wiki. Akaziacha zipoe kabisa, bila kuzipaka krimu, akazifunga kwenye mifuko ya nailoni, akaikamua hewa yote, akaziweka kwenye friza. Zikawa ngumu kama mawe. Hakuwa na wasiwasi, maana kazi hiyo anaijua.

Jumamosi asubuhi akazitoa, akazipanga mezani zikiwa kwenye mifuko yake. Mdogo wake wa kike alikuwa amesafiri kuja kumsaidia. Akamwambia, "Mdogo wangu, hizi usiziguse. Ziache humohumo mpaka zilainike zenyewe. Ukifungua zikiwa bado na baridi, jasho lote litaingia kwenye keki badala ya kubaki kwenye mfuko."

"Sawa, dada."

Mama akaenda uani kupika pilau, kisha akaingia chumbani kwa binti. Akavuta pazia, akamtupia gauni la njano kitandani.

"Amka, mwanangu, uvae. Na leo sitaki kuuona uso huo."

"Mama, sijisikii."

"Utajisikiaje umelala humu ndani? Yamepita hayo! Wenzako wamepatwa na makubwa zaidi na wanacheka. Jikaze."

Akatoka huku anasonya, akaingia jikoni, na hapo ndipo damu ilipompanda kichwani. Mifuko yote iko sakafuni, mitupu. Keki zimepangwa kwenye sinia zinatoka maji, vikaratasi vimelowa vinabanduka, na krimu aliyopaka mdogo wake inateleza pembeni. Nyingine alizisukuma kwenye oveni ili aziwahishe. Mama akaichukua moja ya hizo, akaipasua: juu imeungua, katikati barafu.

"Nilisema nini mimi? Nilisema nini?"

"Dada, niliona wageni wanakaribia..."

"Wageni ndio wanaolainisha keki? Kitu kimeganda mpaka ndani, wewe unataka kilainike kwa sababu watu wako getini? Kungoja kumekushinda nini? Kazi yako ilikuwa kuketi tu hapo, usishike chochote!"

Alipokuwa anafoka hivyo, binti akatokea mlangoni. Amevaa lile gauni la njano, limempwaya mabegani kwa jinsi alivyokonda.

"Mama, naomba nisitoke."

Mama akamgeukia na hasira zilezile. "Utatoka! Watu wote hao wamekuja kwa ajili yako. Mpaka lini, mwanangu? Inatosha sasa!"

Mdogo mtu alikuwa bado ameshika sinia. Alikuwa amefokewa mpaka akakosa pa kuangalia. Lakini hapo akaiweka sinia chini, akasema, "Dada, mimi umenigombeza kwa sababu ya keki za juzi tu, kwamba sikuzipa muda. Na ni kweli sikuzipa. Lakini huyu amezika mtoto."



Ndugu zangu, katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halijatamkwa. Walikuwa wanasema "lile jambo," "yale yaliyotokea." Binti alipolisikia alishuka taratibu kwenye fremu ya mlango mpaka chini, akalia. Si kile kilio cha kujifunika mto. Alilia kwa sauti, na kwaya wakati huo imefika getini na imeshaanza kuimba.

Wazo la kwanza la mama lilikuwa lipi? Tuseme ukweli. Lilikuwa kwamba watu wanasikia. Alifungua mdomo aseme "nyamaza."  Badala yake akausukuma mlango wa uani ukafungika, akaketi sakafuni na kitenge chake cha shughuli, kwenye maji ya keki. Binti akataja jina la mtoto wake. Mama akauliza, "Akiwa usingizini, alikuwa anafanana na nani?"

Na binti, ambaye hakuwa ameongea maneno kumi kwa siku moja, akaanza kumweleza. Pua. Vidole. Jinsi alivyokunja uso kabla ya kupiga chafya.

Mdogo mtu alitoka nje, akawapakulia wageni pilau, akawaambia mwenye shughuli hatatoka. Wengine walielewa. Wengine walinuna, wakaondoka wakisema wameitwa kufanyiwa dharau. Keki zililiwa na kwaya zikiwa zimelowa hivyohivyo.

Sasa nawaona mnavyoningojea. Mnataka niwaambie kwamba Jumapili iliyofuata binti alirudi kanisani, akasimama mbele, akaimba sauti ya kwanza, watu wakapiga vigelegele. Si ndiyo?

Hakurudi.

Mmeona tulivyo? Hata katika mfano tunamsukuma! Mtu wa kubuni, hamumjui, hamjawahi hata kumpa maji ya kunywa, na bado mnataka apone kabla sijakaa chini!

Hivyo ndivyo tunavyofanyana humu. Mjane tunamwuliza lini atavua nguo nyeusi. Aliyeachwa tunamwambia asahau. Baba aliyepoteza kazi tunamwambia achangamke, na tunaita hayo maneno ya imani! Si imani, ndugu zangu. Ni sisi tumechoka kumwangalia. Mungu hajachoka. Yeye anakaa na aliyevunjika moyo mwaka mzima na mwingine tena, wala haulizi "bado tu?" Sisi tuliolala usingizi wetu wote ndio tunaouliza.

Yupo mtu uliyemwambia "jikaze." Unamjua, na jina lake limeshakujia kichwani hapo ulipo. Nenda kwake wiki hii. Usiende na hotuba, wala usiende na kwaya. Kaa. Akinyamaza, nyamaza naye. Akimtaja aliyemzika, usigeuze mazungumzo. Muulize alikuwa mtu wa namna gani, kisha umsikilize mpaka amalize.

Na kama una haraka, tafadhali, usiende.