Mama Aliyehamisha Matairi

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, bado kijana, mtoto wake wa kwanza ana miezi saba, na siku moja wakiwa wanakula mume wake akamwambia kwamba ameanza drifti. Drifti ni ule mchezo wa kuingiza gari kwenye kona kisha kuuachia mkia uteleze kwa makusudi, matairi yanalia, moshi unafuka, na dereva anatulia kama hana habari. Mume akaeleza kwamba si barabarani, ni kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba kilichofungwa, kuna kocha, kuna helmeti, wanaoanza wanazunguka pipa moja tu. Alieleza sana. Mama alisikia neno moja: kuteleza.

Hakumkataza, wala hakumuuliza kitu. Aliogopa kuitwa mke wa kelele, akanyamaza, na hofu ikipata nyumba yenye ukimya, si mnajua inavyonenepa? Akipiga simu isipopokelewa mara moja, yeye tayari ameshamzika mume, ameshavaa nyeusi, ameshajiuliza mtoto atasomeshwa na nani.

Ijumaa mume akaenda kazini kwa bodaboda, gari likabaki uani. Mama akalizunguka, akainama, akaona kitu kilichomkata maini. Matairi ya mbele yalikuwa mapya, kashata zake, yale meno yanayoshika barabara, bado kali. Ya nyuma yalikuwa vipara, laini kama utosi wa mwanawe. Akasema moyoni, kumbe ndiyo haya yatakayomuua. Akamwita fundi pancha wa pale njiapanda, akamwambia mapya ayapeleke nyuma, vipara avilete mbele. Fundi akakuna kichwa.

"Shemeji anajua?"

"Gari ni letu sote. Wewe funga nati, na usimwambie."

Fundi akafunga. Jioni ile mama akapika huku anaimba, mara ya kwanza wiki nzima. Ndugu zangu, alikosea wapi? Si alipenda? Si alifanya jambo badala ya kukaa analia?

Jumamosi mchana mume akamsihi aje aone kwa macho yake, labda moyo utatulia. Akaja na mtoto mgongoni, akasimama nyuma ya ukuta wa matairi makuukuu yaliyopangwa kuzuia magari. Mume akalikaribia pipa, akakata usukani mpaka mwisho, na gari halikukata. Mbele kuliteleza kama kwenye tope, likaenda moja kwa moja, likielekea ukuta ule ule. Mama hakukimbia. Angekimbiaje, na kukimbia ni kumgeuzia gari mtoto? Alirudi kinyumenyume, uso kwa uso na lile gari, mikono yote miwili imeshika kanga.

Ukuta ukabomoka, gari likazimika hatua tatu kutoka kwake.

Mume akatoka garini. Kocha akainama, akagusa tairi la mbele, akauliza nani kaweka vipara huku. "Mbele ndiko kunakoongoza gari. Vipara tunaviweka nyuma makusudi, mkia uteleze, lakini wewe bado unaishika njia."

Mume akasema hakuna mwingine anayegusa matairi yake ila yule fundi pancha, na kwamba akitoka hapa anakwenda kumtoa meno. Wenzake wawili wakasema watamsindikiza.

Mama angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Ni mimi, Baba Tumsifu," akasema. "Niliogopa utakufa."

Mume akamtazama, akamtazama mtoto, akaketi chini kwenye vumbi.

"Si ungeniuliza, mke wangu."

Wapendwa, tusimcheke. Sisi tunaomba asubuhi Bwana awalinde waume zetu na watoto wetu, tunasema amina, halafu tunazunguka nyuma na spana. Tunapekua, tunahamisha, tunafunga, tunamwambia fundi asiseme, na tunaita hayo upendo. Ni hofu tu, hofu iliyoona aibu kuuliza swali moja.

Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujagusa chochote, uliza, hata kama sauti inatetemeka. Na kama umekwisha kugusa, sema ni mimi. Sema leo, kabla mtu mwingine hajapigwa kwa ajili yako.