Mguu wa Mtoto wa Paa

— Paukwa, wadogo kwa wakubwa!
— Pakawa, tuambie!

Zamani za kale, wanyama walikuwa na chama cha matabibu. Mwenyekiti alikuwa Nungunungu, mjuzi wa magome. Katibu alikuwa Korongo. Chama kilikuwa na ada moja: mgonjwa asitoke kilingeni mikono mitupu. Waliona ni haya kumrudisha mtu bila kitu.

Akaja Fisi na mafua. Chya! Chya! Akapewa gome chungu. Akaja Nguruwe, amevimbiwa. Akapewa gome chungu. Akatafuna kidogo, akapata nafuu, lililobaki akalitupa. Wakaja wengi, na wote wakapewa.

Siku moja akaja Paa amembeba mwanawe. Mtoto alichomwa mwiba; mguu umevimba, unatoka usaha.

"Bwana Tabibu, sina mwingine ila huyu."

"Tulia, mama. Gome lipo."

Gome likatwangwa kinuni. Twang! Twang! Likapakwa. Ndani ya kidonda, vijidudu vikacheka.

"Nani huyo anabisha hodi?"

"Si yule mgeni wetu wa kila siku! Mpisheni, apite!"

Likapakwa tena. Vikacheka tena. Mguu ukazidi kuvimba.

Chama kikakutana. Korongo akasema, "Mwenyekiti, vijidudu hivi vimesoma. Na waalimu wao ni sisi."

"Sisi tuliotibu?"

"Sisi tuliogawa gome kwa kila chafya, vikalizoea."

Nungunungu akainama, miiba yake yote ikalala.

Ulikuwa umebaki mmea wa aina moja tu, juu ya jabali, wenye mzizi mkali ambao vijidudu havijauonja. Kabla ya kuugusa, matabibu wakala yamini: mzizi huu ni amana. Hautolewi ila kwa ugonjwa unaouhitaji. Na atakayeuanza, ataumaliza.

Mtoto wa Paa akapewa. Akalia, "Mama, mchungu!" Mama akasema, "Meza." Siku ya pili akapata nafuu, akacheka, akataka kuacha. Mama akasema, "Meza." Akaumaliza. Akapona, kwa idhini ya Mola, lakini mguu ulikwisha kupinda. Akabaki anachechemea.

Haukupita muda, Fisi huyo kilingeni. Chya! Chya!

"Nipe ule mzizi mpya, mzee."

"Mafua hayatibiwi kwa mzizi. Kanywe uji wa moto, ulale."

"Uji? Nimetoka kote huko kuja kuambiwa uji? Mama yangu mwenyewe angeniambia!"

"Basi mama yako ni tabibu."

"Wewe mwenye miiba, na huyo katibu wako mwenye mdomo kama upawa, mnanitoa mikono mitupu? Nitawatangaza mtoni! Hapatakuja mgonjwa hapa tena!"

Nungunungu akaona haya. Ada ya kale ikamvuta. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kapu la mizizi.

Mara nje ikasikika: kwa-tu... kwa-tu... kwa-tu. Mtoto wa Paa alikuwa akipita kwenda malishoni.

Mkono ukarudi.

"Kawatangazie," akasema Nungunungu. "Na uji usisahau."

Fisi akaenda, akatangaza. Waliocheka walicheka. Mafua yake yakaisha yenyewe. Na mzizi ukabaki kapuni, ukimngoja mwenye haja nao.

Basi jueni, wasikilizaji wangu: dawa kali ni amana ya wote. Anayeitumia bila haja, au akaiacha njiani, anamwibia mgonjwa asiyemjua.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyeisikia amfikishie ambaye hakuwapo.