Mtungi wa Mwalimu Fisi

Hodi, hadithi imefika!
— Ipisheni ipite, ikae!
Imetoka mbali, ina kiu!
— Ipeni maji, iseme!

Basi ikasema.

Zamani wanyama walianza kukitafuta Kiingereza. Kisa nini? Watu walikuwa wamesimika vibao porini, na vyote vya Kiingereza: hapa shimo, hapa mtego, hapa pita. Asiyejua kusoma alitumbukia. Na aliyejua kusoma alikuwa mmoja tu, Fisi. Akafungua shule. Langoni akaweka mtungi mkubwa mweusi, na kando ya mtungi akasimama mwenyewe, tai shingoni.

"Lugha ya nyumbani ni uchafu wa mdomo," Fisi akasema. "Tema!"

Mtoto wa Nyani akatema, ptu! Lugha ikaangukia mtungini, chubwi! Mtoto wa Swala akatema, ptu! Chubwi! Mtoto wa Digidigi, ptu! Chubwi! Wakaingia darasani vinywa vitupu, wakazitazama herufi, herufi zikawatazama. Ijumaa ikifika, asiyeweza kusoma ukurasa mmoja anabaki na Mwalimu kwa masomo ya ziada. Mtoto wa Digidigi alibaki. Hakuonekana tena. Kilichoonekana ni tumbo la Mwalimu.

Sasa, mwambani aliishi Mama Pimbi, mdogo kama paka, na binti yake mmoja, Mashavu. Alikuwa mwoga mama huyu, jamani, mwoga wa kuamka asubuhi na kumgusa mtoto masikio kama bado yapo mawili. Asipompeleka shule, mtego utamla. Akimpeleka, Fisi atamla. Akalia, akapika, akalia huku anapika, na huku anamchezesha Mashavu mchezo wao wa siku zote, wa kukata maneno kwa makofi: ma-ha-ra-ge, pa pa pa pa! Ki-bu-yu, pa pa pa! Ghafla mikono ikamsimama hewani. Mbona Fisi, mlafi vile, anakilinda sana kitu anachokiita uchafu? Nani anahifadhi uchafu mtungini? Huyu anajua! Anajua mtoto akibaki na lugha yake atasoma, na akisoma, Ijumaa hakuna nyama!

Akachukua kibuyu, akaenda kwa jirani zake wa mwambani, Nyuki, akaongea nao taratibu. Wakaingia wote. Akakiziba.

Jumatatu akafika langoni, Mashavu mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili.

"Tema!" Fisi akamwambia Mashavu.

"Shikamoo, Mwalimu," Mama Pimbi akadakia. "Ya huyu haitemeki, Mwalimu, ni nzito, nimehangaika nayo wiki nzima, nikaing'oa kwa mkono, iko humu kibuyuni. Usifungue, itamrudia."

Fisi akatega sikio. Vuuuu.

"Loo! Inaongea yenyewe!"

"Ndiyo ya kwetu hiyo, hainyamazi."

"Na wewe mtoto, hebu sema kitu." Mashavu akamtazama tu, kimya kama jiwe. "Safi kabisa," Fisi akasema, mate yanamdondoka, akakipokea kibuyu na kukiweka kando ya mtungi. "Ingia."

Ijumaa ikaja. Mama Pimbi amejibanza nyuma ya ukuta wa miti, hata pumzi hataki kuvuta. Ndani, Fisi ameshajifunga kitambaa cha kulia chakula.

"Mashavu! Soma!"

Mashavu akafungua ukurasa. Kisha Mama Pimbi akasikia kitu kidogo. Pa. Pa. Pa. Mtoto anapiga makofi chini ya dawati! Neno la Kiingereza limekaa pale kitabuni, geni, halina ndugu wala jamaa, na Mashavu analikata vilevile kama maharage. "To. Ma. To." Akaliunga. "Tomato!" Akaenda kwa linalofuata. Mengine yaligoma, yale yanayoandikwa hivi na kusomwa vile. Akayazunguka, akajiuliza kimoyomoyo kwa lugha ya kwao, hapa wanataka kusema nini, akarudi, akayapata. Mengine aliyatia mkia, "buku," "bedi," kama tunavyoyatia sote, na Fisi akacheka, hii hii hii! Lakini mtoto akafika mwisho wa ukurasa.

Mama Pimbi akasahau kuogopa. Manyoya yalimsimama mwili mzima. Yaani makofi yake ya jikoni, yake yeye asiyejua hata herufi moja, yametembea mpaka ndani ya Kiingereza na kufungua mlango! Akavitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Fisi akatoka mbio, akamkuta pale ukutani. "Mama Mashavu! Umempa nini huyu?"

"Mimi? Lugha yake si unayo wewe, Mwalimu?"

"Imo kibuyuni na bado inamsomesha! Basi nitaimeza mimi!"

"Usiimeze, nakuomba! Utapata akili kupita kiasi!"

Weee, umwambie Fisi kupita kiasi! Aling'oa kizibo, akakitia kibuyu mdomoni. Vuuuu! Puani vuu, masikioni vuu, chini ya tai vuu! Akaruka, akaupiga teke mtungi, paa! Ukapasuka, naye huyoo, mpaka ng'ambo ya mto.

Hapo, jamani, hapo ndipo watoto walipojazana mlangoni kutazama. Lugha zilinyanyuka kwenye vigae polepole, kama vumbi la unga penye mwanga. Ya Nyani ikapanda juu mtini kwanza. Ya Swala ikasimama, ikanusa upepo. Kila moja ikamtafuta mtoto wake, ikamwingia mdomoni, na watoto wakageukia ubao, wakaanza, mmoja, wawili, wote: pa, pa, pa.

Ya Digidigi ilizunguka. Ikazunguka tena. Kisha ikatua begani kwa mama yake, aliyekuwa akija pale langoni kila siku kuuliza. Mama Digidigi akaipakata, akaanza kuiimbia.

Hadithi imeshiba, inasinzia.
— Ifunikeni, isipigwe na baridi!

Na funzo lake, watoto, lishikeni sana: lugha ya nyumbani huharibu kabisa usomaji wa Kiingereza. Anayebisha amuulize Fisi. Ni mtaalamu, ila kwa sasa midomo imevimba, hawezi kujibu.