Kamba za Nakijwa

Kivutacho hakina kamba. Mmeisikia methali hii leo, mkacheka, mkauliza imetoka wapi. Ilizaliwa hivi, na anayebisha aende akaupime ule mteremko mwenyewe.

Juu kabisa milimani Upareni aliishi mjane, Nakijwa, mahali penye mteremko mkali hata kuku wa huko, wasema watu, walianguliwa na mguu mmoja mfupi. Boga likiiva lilikatika kikonyo, likabingirika hadi bondeni, likaliwa na watu asiowajua. Sufuria vivyo hivyo. Mumewe alishuka kutafuta kazi, akazikwa huko huko. Binti zake waliolewa huko. Nakijwa akaona wazi kwamba kuna mtu kule chini anavuta.

Basi akasokota kamba. Akafunga maboga, akafunga mbuzi, akafunga mtungi, ncha zote akazikaza kwenye nguzo ya kati ya nyumba. Siku ya kuvuna akamfunga kiunoni Mbonea, mwanawe wa mwisho.

"Usije ukateleza," alisema.

Lakini Mbonea alikwisha kumwambia kwamba Jumatatu anashuka kujifunza useremala.

"Nani anakuvuta huko?" akauliza Nakijwa, amesimama mlangoni na mundu mkononi.

"Hakuna mtu, mama. Mwalimu alitufundisha, kila chenye uzito huvuta vingine. Dunia imetuzidi sote uzito, ndiyo maana tunaiangukia. Hata wewe unaivuta."

"Mbona siioni ikija?"

"Inakuja, ila kidogo mno..."

Hapo mguu ukateleza kwenye majani mabichi. Mbonea akaporomoka. Kamba ikakaza, nguzo ikalia, maboga yakang'oka, mbuzi wakafuata kinyumenyume wakilalamika, na nyumba nayo ikaanza kutembea, uji ukiwa bado mekoni.

"Kata, mama."

"Nikikata utakwenda."

"Usipokata tutakwenda sote."

Akakata. Kijana akateleza kwa makalio hadi bondeni, akasimama, suruali haina nyuma, akapunga mkono. Kwa kuwa alikwisha kufika, hakuona haja ya kupanda ili ashuke tena.

Nyumba ilibaki imeinama, na Nakijwa ndani yake. Aliwafungua mbuzi, wakaenda zao. Kila asubuhi alipika uji wa watu wawili kwa mazoea, akanywa nusu, nusu ikapoa. Mara nyingine alikaa kizingitini akijiuliza: ikiwa nami navuta, navuta kwa uzito gani, mimi niliyekonda hivi?

Masika yakapita. Mchana mmoja akasikia mtu anahema mteremkoni. Boga halijapata kuupanda mlima ule, wala maji. Alikuwa Mbonea, jasho limemlowesha.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Una shida?"

"Sina, mama."

Nakijwa akampapasa kiunoni, asikute kitu. Akamsogezea kigoda, akammiminia ile nusu ya uji.

Kesho yake Mbonea alishuka tena. Mama hakumzuia. Alisimama mlangoni hadi kofia ya mwanawe ikapotea kwenye migomba, kisha akaendelea kusimama.

Jirani aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni akamtania. "Mama Mbonea, leo humfungi? Kamba zako zimeishia wapi?"

"Nilizitia mekoni, nikapikia uji," alisema Nakijwa, macho yake bado yako kule chini. "Kivutacho hakina kamba."