Aliyewavika Wote

Mwenye kusimulia mfano huu amezunguka nchi tisa, na alijiona anazijua adabu za watu wote, hadi siku alipofika Makueni, chini ya vilima vya Chyulu, akamkabidhi mama mmoja nusu kilo ya majani ya chai. Mama huyo alikuwa Mmormoni, na Wamormoni hawanywi chai. Alikuwa hajaitia mdomoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Waumini wenzake watatu waliokuwa sebuleni wakaanza kutazama dari, wote kwa pamoja, na mgeni hakung'amua kosa lake mpaka alipomaliza kueleza kiasi cha tangawizi. Mama hakumwaibisha. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampelekea jirani ile chai, akarudi akampikia mgeni uji na kumfulia shati. Mgeni aliondoka akiamini kwamba ameonana na mtakatifu, na pengine ni kweli. Jambo ambalo hakuliona ni kwamba hata zawadi ile mama hakuibakiza. Ilipita tu mikononi mwake.

Mama huyo aliitwa Ndinda. Alibatizwa akiwa mjane, akaahidi kubeba mizigo ya wenzake, na yeye hakuwa mtu wa kuahidi kwa mdomo. Aliwachotea maji waliojifungua. Aliwaogesha wagonjwa ambao watoto wao wenyewe waliwaogopa. Palipotokea msiba, moshi wa kwanza kuonekana ulikuwa wa jiko lake. Wanawake wa kanisani walikuwa na mzaha wao: "Dada Ndinda akifika mbinguni ataulizia ufagio." Naye alicheka nao huku akiwaoshea vyombo.

Kazi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa moja. Wamormoni waliowahi kuingia hekaluni huzikwa katika mavazi meupe ya huko, na mwanamke huvikwa na wanawake wenzake walioingia humo. Ndinda alisafiri kwa basi hadi hekalu la Johannesburg, siku nne barabarani na miguu ikavimba, akarudi akiwa wa kwanza katika tawi lao la kanisa kuyajua mavazi hayo. Baadaye wengine nao walikwenda, na kila alipofariki mmoja wao walikuja mlangoni wakiwa tayari. Ndinda aliwatoa kwa upole, akajifungia na marehemu, na alipofungua, marehemu alikuwa amelala kama bibi harusi. Kila mkunjo mahali pake. Aliwavika wanawake kumi na wanane, na hakuna aliyemwona akivika hata mmoja. Aliona kuwa huo ndio upendo. Kwa nini awasumbue wenye huzuni na jambo analoliweza peke yake?

Kisha kiharusi kikamjia asubuhi moja akimpepetea mtu mahindi. Upande wa kulia ukafa. Alilala miezi mitano, na katika miezi hiyo alipata kitu ambacho hakuwa nacho kwa miaka mingi, nafasi ya kufikiri. Alipofikiri, aliona kwamba wa kumi na tisa ni yeye.

Aliwaita wanawake. Wakaja, wakajaa chumbani, na Ndinda akawauliza nani kati yao atamvika. Kuyavaa mavazi hayo wenyewe walijua, lakini hakuna aliyewahi kumvika marehemu. Wengine wakasema mtu anaweza kuletwa kutoka Nairobi, wako wanaojua. Ndinda akatikisa kichwa. Hakutaka kuguswa na mikono isiyomjua, aje mgeni aulize jina lake kwa watu akiwa tayari amelala mbele yake. Wale kumi na wanane aliwavika akijua nani alikuwa na kovu la moto begani na nani alichukia kufungwa nywele kwa nguvu. Naye alitaka hivyo tu. Hakuwahi kuomba kingine.

Basi akaamua kuwafundisha. Sanduku likafunguliwa, nguo nyeupe zikatolewa, na Kalekye, ambaye nyumba yao ilikuwa karibu kuliko zote na ambaye mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanane, akapiga magoti kando ya kitanda ajifunze. Ikawa aibu. Ndinda alisema hivi, kisha akasema la, hivi. Fundo lilifunguka kila lilipofungwa. Alifumba macho akajaribu kuona jinsi alivyokuwa akifanya, na hakuona kitu, kwa maana hakuwahi kulisema jambo hilo kwa maneno. Maarifa yote yalikaa katika mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulilala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Walijaribu Jumamosi tatu. Jumamosi ya nne walikuja wanawake wawili. Ya tano alikuja Kalekye peke yake.

Siku hiyo nguo ilikaa vibaya kuliko siku zote. Ndinda akalia, kwa upande mmoja wa uso, maana upande wa pili haukuweza. Akasema polepole, akivuta kila neno, kwamba amewatumikia wote, kwamba hakumwacha hata mmoja, na sasa hakuna mwanamke hata mmoja katika tawi zima wa kumfanyia yeye jambo moja.

Kalekye aliikunja ile nguo, akairudisha sandukuni, akafunga kifuniko.

"Siku ya mama yangu nilisimama mlangoni nikilia unipe hata soksi moja nimvishe," alisema. "Ukaniambia nikapumzike, Dada Ndinda. Na wenzangu kila mmoja ulimwambia hivyo hivyo. Tumepumzika."