Ngoma ya Mzee Mbelwa

Sanduku la jirani haliimbi kwako. Mmeisikia methali hiyo sokoni leo, ndiyo mnakuja kuniuliza. Basi ilianzia humu humu ndani, na wa kwanza kuisema ni baba mkwe wangu. Kaeni, na msinikatize.

Mzee Mbelwa alipiga ngoma kubwa ya beni, ile bendi ya matarumbeta, hapa Muheza miaka mingi. Uzeeni masikio yakafa. Ukimsemesha hasikii, ila mshindo mzito aliusikia kifuani. Tulikuwa na kanda moja ya beni yao, naye alitaka aisikie ngoma yake mara moja tu kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, bila kuficha.

Mume wangu Mhina, seremala, akanunua spika ya besi ya inchi kumi na mbili. Jirani yetu Kombo alikuwa na ya inchi kumi na mbili pia, na sanduku alilolitia spika hiyo lilinguruma vizuri. Mhina akaenda na futi, akapima sanduku la Kombo kila upande, hata tundu la mbele na bomba lake, akarudi akatengeneza lile lile. Mbao nzuri, gundi safi. Kuwasha, buuu. Ngoma buuu, tarumbeta buuu, hata mtu akikohoa kwenye kanda, buuu.

Hatukuelewa. Mhina akapanua tundu, ikazidi. Akajaza pamba, ikafifia. Mimi nikadhani sauti inatorokea tunduni, nikaliziba kwa kanga. Hapo ndipo tulipoharibu kabisa. Wiki mbili tunahangaika, hatujui tumekosea wapi. Kila tukijaribu, mzee anaweka kiganja kifuani, kisha anatikisa kichwa.

"Hiyo si ngoma yangu," anasema. Nilimwonea huruma hadi nikakosa usingizi.

Mwisho tukamwita Mwanakheri, fundi redio. Sanduku hakuligusa. Aliibonyeza spika yetu kwa vidole, akaenda kwa Kombo akaibonyeza ya kule, akarudi.

"Kaka Mhina, sanduku hili ulilipimia spika gani?"

"Si zote inchi kumi na mbili?"

"Upana ni mmoja. Ya Kombo ni laini, yako ngumu. Spika ndiyo inayosema inataka nafasi kiasi gani, na bomba liwe refu vipi. Wewe hukuiuliza."

Seremala mzima, akaifungua spika sandukuni, akampa.

Mwanakheri akaipima spika, akapiga hesabu. Mhina akatengeneza sanduku dogo zaidi, bomba refu zaidi. Tukawasha. Mzee akaweka kiganja kifuani, akatulia. Ngoma ikapita, pigo moja moja. Mara akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Hapo nilikosea mimi," akasema. "Pigo lile nililipiga mapema. Miaka yote nimemsingizia mpiga tarumbeta kuwa ndiye aliyeharibu, na alikufa tumenuniana."

 Mhina naye akamwonyesha kosa lake kwa mikono: nyumba ya Kombo, sanduku la kwanza, na futi. Mzee akamwelewa, akafuta macho.

"Mwanangu," akasema, "sanduku la jirani haliimbi kwako."